Bakuli la Buluu la Bibi

Zilikuwa zimebaki siku tano mwanangu Hyein atimize siku mia tangu azaliwe, na mimi nilikuwa na kazi moja tu niliyoachiwa na Bibi: kupika bobo mia na kuzigawa kwa watu mia. Bobo ni mikate yetu ya mvuke, sisi ambao wazee wetu walitoka Shandong, Uchina. Bibi alimpikia baba yangu alipotimiza siku mia, akawapikia shangazi na baba zangu wadogo, akanipikia mimi, akawapikia na wajukuu wengine kumi na mmoja. Wapo waliozaliwa Taiwan, mbali kabisa, na bobo zao ziligawiwa hapa hapa Korea, kilimani kwetu Incheon, watoto wenyewe hawapo. Bibi aliamini kwamba mtoto ambaye watu mia hawajala mkate wake ataishi kama mgeni. Na neno mgeni Bibi alilijua vizuri.

Bobo zote hizo zilitoka kwenye donge moja. Ukikanda unga, unabakiza kiasi cha ngumi, unaliweka kwenye bakuli, unalifunika kwa kitambaa kibichi, unalilisha unga na maji kila siku ya tatu. Siku ya kupika, hilo ndilo hamira yako. Na kabla ya kupika unabakiza tena. Kwa hiyo donge halina mwisho, mradi mtu asisahau.

Bakuli lenyewe lilikuwa la bati la buluu, limebanduka rangi ukingoni. Na donge, kwa maneno ya Bibi, alipewa na mama yake asubuhi ya kupanda meli, mwaka 1929, akiwa na miaka kumi na saba, anakuja kuolewa na mkulima wa vitunguu ambaye hajawahi kumwona hata kwa picha.

"Wenzangu walikuja na masanduku ya nguo," alikuwa akitusimulia. "Mimi nilikuja na donge kifuani, ndani ya nguo, lisipate baridi. Sasa baharini likavimba. Nilipoteremka gatini, babu yenu akakitazama kifua kile, akatabasamu mpaka masikioni. Baada ya harusi ndiyo akagundua kwamba ni hamira."

Hadithi hii aliisimulia mbele ya Babu mwenyewe, na Babu hakuwahi kukubali wala kukataa. Aliendelea kukata tambi zake.

Lazima niseme ukweli kuhusu Bibi yangu: alikuwa muongo. Picha yake iko ukutani juu ya jiko, ananitazama midomo imebanwa, lakini nitasema tu. Alisema nyama inamkwama kooni, na haikuwahi kumkwama siku ambayo sote tulikuwa tumeshiba. Alisema magoti hayamuumi. Alimwambia kila mmoja wetu, kwa siri, kwamba yeye ndiye mjukuu anayempenda kuliko wote. Tulikuja kugundua siku ya maziko, tukiwa tumejipanga pale kumi na wawili, kila mtu analia kwa majivuno.

Miguu yake ilifungwa vitambaa utotoni ili isikue, kisha ikafunguliwa kabla haijaharibika sawasawa, hivyo alitembea kama bata anayechelewa harusi. Lakini kwenye ngazi za kilima chetu hakuna aliyempita. Alibeba mboga kichwani, mtoto mgongoni, na bado akapata pumzi ya kumsema aliyefagia vibaya mbele ya duka lake.

Kila baada ya muda nilimsindikiza ofisi ya wageni kuhuisha kitambulisho. Safari ya mwisho karani alikuwa kijana mpya, anasoma maswali kwenye karatasi bila kuinua macho.

"Bibi, umekuja Korea kwa shughuli gani?"

"Kuolewa," Bibi akamjibu.

Karani akainua macho. Babu alikuwa ameshafariki miaka tisa nyuma, na Bibi alikuwa na miaka hamsini na sita katika nchi hii.

"Bado sijamaliza," Bibi akaongeza.

Mimi nilikulia mikononi mwake. Wazazi wangu walihamia Amerika kufungua mkahawa, wakasema watanichukua mambo yakitengemaa, na mambo yakachukua muda wake. Nilimaliza shule ya msingi ya Kichina, nikaingia jikoni kwa Bibi, na elimu iliyobaki niliipata kwa kupigwa mwiko vidoleni. Nilifundishwa kutia magadi kwenye unga uliochachuka: ukitia kidogo, bobo inakuwa chachu, ukizidisha, inageuka njano kama mgonjwa wa ini. Bibi hakupima. Alilipiga donge kofi, kisha akalitegea sikio, kama anamsikiliza mtoto aliyejifungia chumbani.

Nilipompeleka Myongsu, kijana wa Kikorea aliyetaka kunioa, Bibi alimtazama muda mrefu, akamwekea bobo saba mezani bila mboga. Myongsu, maskini, alidhani ni adabu kumaliza. Akamaliza. Jasho linamtoka.

"Akili sijaziona," Bibi akaniambia kwa lugha yetu, "lakini tumbo analo. Olewa."

Alifariki mwezi wa tano, mimi nina mimba ya miezi sita. Siku tatu kabla, aliniita kitandani, akaniwekea bakuli la buluu mapajani.

"Lilishe. Ukisahau litanuna. Likinuna usinililie mimi."

"Sawa Bibi."

"Na mwanao umpikie mia kamili. Usiniletee themanini ukasema watu hawakuwepo nyumbani."

"Sawa Bibi."

"Hili limevuka bahari, Lifen. Lisije likafia mikononi mwako."

Basi nikalilisha. Nilipokuwa na uchungu wa kuzaa, nilimwambia Myongsu mambo mawili: aite gari, na alishe donge. Alifanya yote mawili, ingawa kwa mpangilio ambao sitausahau.

Hyein alipozaliwa, mama mkwe wangu alikuja kutusaidia. Ni mwanamke mwema, mkono wake haujui kukaa bure. Alinipikia supu ya mwani mpaka nikaanza kuota mwani. Alifua, akapiga pasi vitambaa vya mtoto, akapanga kibarazani, kwa ukubwa, mitungi ya kimchi, kabichi yao ya kuchachusha kwa pilipili na vitunguu saumu. Kitu kimoja tu nilisahau kumweleza. Sisi kwetu bakuli lile lilikuwa kama mtu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani humtambulishi kila siku.

Siku ya tisini na tano nilimpeleka mtoto chanjo. Niliporudi, baridi imenipiga mpaka masikio hayana habari, nikakuta nyumba inanukia. Mama mkwe ameandaa supu ya unga wa kunyofoa: mchuzi wa dagaa, viazi, mumunye, na vipande vya unga vilivyonyofolewa kwa mkono vikaangukia kwenye mchuzi unaochemka.

"Mama Hyein, kaa ule kabla haijapoa. Nipe mtoto."

Nikakaa. Nikala. Myongsu alikuwa kwenye bakuli la pili.

"Leo ni tamu ajabu," Myongsu akasema. "Kuna kauchachu fulani hivi."

"Ehee!" mama mkwe akafurahi. "Hata mimi nimeonja nikashangaa. Si mnajua mkono wangu."

Na mimi nikasema, Mungu anisamehe, "Kweli Mama, ni tamu."

Ndipo macho yangu yakaenda kwenye karo. Bakuli la buluu lilikuwa limeoshwa, limesuguliwa, limepinduliwa juu ya kitambaa, linang'aa kama halijawahi kufanya kazi.

Kijiko kikabaki hewani.

"Mama," nikasema pole pole. "Humo ndani mlikuwa na nini?"

"Wapi? Kwenye kile kibakuli? Mlikuwa na unga umekandwa, umeshaanza kuharibika, maskini. Nikajua umesahau, mama wa mtoto mchanga anasahau hata jina lake. Nikasema kuliko kuutupa..."

Hakumaliza, kwa sababu Myongsu alikuwa ameweka bakuli chini na uso umemwisha damu. Yeye alijua. Alikuwa amelilisha mwenyewe mimi nikiwa na uchungu.

"Mama," akasema. "Tumemla Bibi."

Sikulia palepale. Nilitazama ndani ya bakuli langu la supu nikatafuta kama kuna kipande kilichobaki kibichi. Nilikikuta kimoja, nikakibonyeza kwa kidole. Kimeiva vizuri sana. Mkono wake, kama alivyosema.

Mama mkwe alipoelezwa, alikaa sakafuni. Alianza kujipiga kifua. Nikaanza kulia mimi, akaona nalia, akalia zaidi. Mtoto akaona tunalia, naye akaingia. Myongsu alisimama katikati hajui ambembeleze nani, na nina hakika kabisa nilimwona akitupia jicho supu iliyobaki.

"Nitapika mikate ya mchele," mama mkwe akasema akijifuta. "Na sisi pia tunagawa nyumba mia. Nitapika myeupe, mizuri, watu watasifu."

"Pika, Mama. Lakini Bibi aliniambia bobo."

"Si kuna hamira ya dukani? Ya pakiti?"

Nikamtazama. Akainamisha kichwa. "Haya. Nimenyamaza."

Siku ya tisini na sita nilizunguka kilima kizima. Zamani kila nyumba ya watu wetu ilikuwa na donge lake, na mengi yalitoka kwa Bibi, maana hakuweza kuona mwanamke anaolewa bila kumtia donge mkononi. Lakini siku hizi wengi wamekwenda Taiwan, wengine Amerika, na waliobaki wameona pakiti ni rahisi. Mke wa mwuza vitunguu alisema lake lilikufa wakati wa Olimpiki ya Los Angeles, alikuwa anatazama televisheni. Mwenye duka la viungo alisema lake analo, akafungua mtungi kwa fahari, tukatazama ndani, akafunga bila neno.

Ikabaki nyumba moja. Nyumba ya Bi Luan.

Bi Luan na Bibi yangu walikuwa hawasemezani tangu mwaka 1951. Nyumba zao zinatazamana, barabara yenyewe ukitema mate yanafika ng'ambo. Bibi akitoka, Bi Luan anaingia. Bi Luan akitandaza kabichi upande wa jua, Bibi anahamia kivulini na baridi yote. Mwaka mpya, siku ambayo hata mbwa wanasalimiana, walisalimiana kupitia kwangu. "Mwambie yule bibi wa ng'ambo namtakia afya." "Mwambie nimesikia." Nilipouliza kisa, Bibi alisema, "Alinichukulia kikapu changu cha mvuke, hakurudisha. Mwizi."

Miaka thelathini na nne kwa kikapu cha mianzi. Sisi watoto tuliamini, kwa sababu Bibi angeweza.

Siku ya tisini na saba nikavaa koti. Mama mkwe naye akavaa lake.

"Mama, wewe baki na mtoto."

"Mtoto namfunga mgongoni. Aliyelila ni mimi, anayeomba ni mimi." Akachukua na kopo la kimchi, maana hawezi kwenda kwa mtu mikono mitupu, hata akienda kukiri kosa.

Bi Luan alifungua mlango kiasi cha jicho moja. Alikuwa na miaka sabini na sita wakati ule, mwembamba kama kijiti cha kulia chakula, peke yake tangu mume afe.

"Shikamoo Bi Luan."

"Marahaba. Umekuja. Bibi yako angekufa kuliko kugonga hapa."

"Ameshakufa, Bi Luan."

"Najua. Si ndiyo maana umekuja wewe?" Akamtazama mama mkwe, akatazama kopo. "Na huyu kaleta vitunguu saumu vya mwaka mzima. Ingieni, mnapitisha baridi."

Nikamweleza. Nilisema donge limeharibika, bila kutaja supu, nikitaka kumsitiri mama mkwe. Bi Luan alisikiliza akipepesuka kidogo kwenye kiti.

"Sina donge," akasema. "Mtu anaishi peke yake, anampikia nani bobo?"

Lakini chumba kizima kilinukia uchachu ule. Mtu aliyekua nao hawezi kukosea. Nikajua anadanganya na sikujua nifanye nini, kwa sababu huwezi kumwambia mtu mzima kwamba anadanganya nyumbani kwake. Siku tatu tu mbele yangu. Nikaanza kufunga vifungo vya koti.

Mama mkwe hakuelewa lugha yetu, lakini vifungo alivielewa. Akapiga magoti pale pale, mtoto mgongoni, akasema kwa Kikorea, "Dada mkubwa, usimnyime huyu. Ni mimi niliyelipika. Nilidhani ni unga. Nikalinyofoa nikatia kwenye supu, tukala wote."

Bi Luan Kikorea anakijua, amekiuzia mboga miaka hamsini. Akageuka taratibu.

"Supu?"

"Supu."

"Mmelinyofoa? Kwenye mchuzi?"

"Wa dagaa," mama mkwe akasema kwa sauti ndogo.

Bi Luan akaanza kucheka. Alicheka bila sauti kwanza, mabega tu, kisha ikamtoka mpaka akashika ukuta, mpaka nikaogopa atatufia na hilo nalo tuhesabiwe. Hyein mgongoni alimtazama kwa mshangao, kisha naye akacheka, kicheko chake cha kwanza kabisa, na mpaka leo nina wivu kwamba kilikwenda kwa Bi Luan.

"Basi ni mara ya pili," akasema alipopata pumzi. Sasa aliongea lugha yetu, ananitazama mimi. "Bibi yako alikwambia donge lake limetoka Shandong?"

"Alipewa na mama yake. Lilivuka bahari."

"Lilivuka, kweli. Na likafika. Na lilikaa miaka ishirini na moja. Halafu vita vikaja, tukakimbia kusini, mwezi wa kwanza, theluji mpaka magotini. Babu yako alitangulia na mkokoteni wa vitu, tukapotezana. Nikabaki mimi na Bibi yako na watoto wake watano. Siku ya nne tulikuwa kwenye banda la mtu, hatuna hata punje. Yule mdogo alishaacha kulia. Mtoto akilia ni afadhali."

Mama mkwe akanivuta mkono. "Anasemaje?"

"Subiri, Mama."

"Akaingiza mkono kifuani," Bi Luan akaendelea, "akalitoa. Alilibeba vile vile kama alivyokuja nalo. Akachemsha theluji kwenye kopo. Akalinyofoa vipande, kimoja kimoja, anatia. Watoto wakala, wakalala. Yeye hakula. Mimi nilionja mchuzi. Ndipo akaanza kulia, mtu ambaye hakulia mabomu yakianguka. Anasema, 'Mama aliniambia lisife. Mama aliniambia.'"

Nilikumbuka kitu. Baba yangu, kabla ya kwenda Amerika, alizoea kusema kwamba supu tamu kuliko zote alizowahi kula ni moja ya njiani, wakati wa vita, akiwa na miaka kumi na miwili. Supu yenye uchachu. Na kila aliposema hivyo Bibi alimkatiza: "Nyamaza wewe, ulikuwa na homa."

"Tuliporudi Incheon," akasema Bi Luan, "mimi langu nilikuwa nimelikausha na kulificha chini ya sakafu kabla ya kukimbia. Nikalilowesha, likaamka. Nikalikata nusu, nikalitia kwenye kikapu changu cha mvuke, nikampelekea kwa mlango wa nyuma. Akaniapisha nisimwambie mtu, wala mumewe, wala watoto. Nikaapa."

"Sasa mbona mlinuniana?"

Bi Luan akatazama mikono yake. "Mdomo wangu. Siku moja kisimani, wanawake wamejaa, anawasimulia habari za kifua na meli. Nikamtania: 'Bi Cong, na hilo donge la mama yako, halijambo?' Mara moja tu, jamani! Akaniangalia. Akachukua ndoo yake. Miaka thelathini na nne."

"Alisema ulimwibia kikapu."

"Mimi!" Akasimama kabisa. "Kikapu changu anacho yeye! Nenda kageuze chini, utaona jina la mume wangu!"

Mama mkwe alikuwa ameshanivuta mkono wa koti mpaka mshono unalia. Nikawaza kidogo. Siri ilikuwa ya Bibi, na Bibi yuko kaburini. Lakini huyu mama alikuwa amepiga magoti sakafuni mwa mtu, na kwa siku mbili alikuwa hajala supu ya aina yoyote.

"Mimi niliapa," Bi Luan akasema, kama ameona ninachowaza. "Wewe hukuapa."

Nikamtafsiria mama mkwe yote. Alisikiliza mdomo wazi. Nilipofika kwenye banda na kopo la theluji, aliweka mkono nyuma akaushika mguu wa Hyein, akaushikilia mpaka nikamaliza.

"Kwa hiyo na yeye alilipika," akasema.

"Na yeye alilipika."

"Alilinyofoa."

"Ndiyo, Mama."

Akavuta pumzi ndefu, ya kwanza tangu siku ya tisini na tano. Kisha, kwa kuwa hawezi kutulia muda mrefu, akauliza, "Muulize, na hili lake lilitoka wapi? Hili nalo la Shandong?"

Bi Luan akajibu mwenyewe kwa Kikorea. "Shandong wapi! Nilianzisha hapa hapa, mwaka ule nilioolewa. Unga wa dukani na pombe ya mchele ya jirani yangu, mama mmoja wa Kikorea."

Mama mkwe akanigeukia. Uso wake wote ulifunguka. "Umesikia? Pombe ya mchele! Basi hilo donge ni letu!"

Nikapiga hesabu kichwani. Baba yangu na wadogo zake walitoka kwenye donge la Shandong. Mimi na wajukuu wote, kumi na wawili, kwa majivuno yetu yote, tumetoka kwenye pombe ya mama wa Kikorea asiyejulikana jina. Nilitaka kukasirika nikashindwa.

Bi Luan aliingia chumba cha ndani, akarudi na mtungi. Donge lilikuwa hai, limejaa matundu, linanukia kama utoto wangu. Akakata nusu.

"Bi Luan, ulisema huna. Ulikuwa unampikia nani?"

"Najipikia mimi. Kila siku ya kumi, bobo mbili." Akafunga donge kwenye kitambaa. Hakuwahi kupata mtoto, hilo mtaa mzima unajua, na hatulisemi. "Sijawahi kufika mia. Chukua. Na magadi usitie kwa woga."

Nyumbani niligeuza kikapu cha mvuke ambacho nimekitumia tangu utotoni. Chini, chini ya weusi wa mvuke wa miaka yote ile, nilisugua kwa kidole, likatokea: Luan. Nikainua macho kwenye picha ya Bibi. Safari hii niliona kama anaangalia pembeni kidogo.

Siku mbili nililisha donge mpaka likajaa beseni. Siku ya mia niliamka alfajiri, nikakanda, nikatia magadi, nikalipiga kofi, nikatega sikio. Sikusikia kitu. Sikuwahi kusikia kitu, hata Bibi alipokuwa hai. Nilikuwa naitikia tu. Mama mkwe naye akaja, akalipiga kofi upande wake, akatega.

"Linasema nini?"

"Linasema tutie moto, Mama."

Tukatengeneza sungura, samaki, makomamanga, macho tukaweka ya maharage mekundu. Sungura za mama mkwe zilifanana na nguruwe, lakini zilikuwa nguruwe wenye furaha. Mkupuo wa kwanza ukatoka njano, kumi na mbili nzima. Nilikaribia kulia. Myongsu akazila nne amesimama, akasema hazina ubaya, tukapika nyingine badala yake. Mikupuo iliyofuata ikatoka myeupe, imevimba, ukibonyeza inarudi. Mia kamili. Na mikate ya mchele ya mama mkwe pembeni, mizuri kama alivyosema, watu wakasifu.

Tuligawa tangu asubuhi. Kwa Wakorea vyombo vilirudi na uzi na mchele ndani, ili mtoto aishi muda mrefu asilale njaa. Kwa watu wetu vilirudi na maneno. "Hizi ni za donge la Bi Cong?" wakauliza. "Lile lililovuka bahari?"

Mara ya kwanza nilipoulizwa hivyo, mama mkwe alikuwa kando yangu. Aliona nimekwama.

"Lile lile," akasema kwa niaba yangu, macho makavu.

Ya kwanza kabisa, ya moto, nilikuwa nimeshampelekea Bi Luan ndani ya kikapu chake. Alilipokea komamanga, akageuza kikapu akatazama chini, akatikisa kichwa. Jioni, tumebakiwa na bobo moja, akavuka barabara. Mtaa mzima uliona. Mke wa mwuza vitunguu alisahau kufunga duka.

Aliingia, hakuvua hata koti, akasimama mbele ya picha. Walitazamana.

"Wewe mwanamke," akasema. "Wamelila tena." Kisha akaomba ampakate mtoto, na ile bobo ya mia, sungura mwenye uso wa nguruwe, akaila akiwa amempakata, makombo yanaanguka kwenye nywele za Hyein.

Hyein sasa ana miaka minne. Bi Luan tulimzika mwaka jana. Bobo za arobaini yake nilipika mimi, kwenye kikapu kile, ambacho kimerudi tena kwetu na sijui tena ni cha nani. Bakuli la buluu nimelipandisha rafu ya juu, mbali na sufuria za supu, na nusu nyingine ya donge iko kwa mama mkwe, katikati ya mitungi yake ya kimchi, endapo mmoja wetu atakosea tena.

Juzi Hyein alipanda kigoda akachungulia ndani ya bakuli.

"Mama, hili limetoka wapi?"

Mama mkwe alikuwa anamenya vitunguu saumu mlangoni. Kisu kikasimama.

"Bibi Mkubwa alikuja nalo kifuani," nikamwambia. "Limevuka bahari."

Mama mkwe alikohoa, akakohoa tena, akaendelea kumenya.